Interest na majirani zake

Mitihani inanukia, bumu limeshaota mbawa, na maktaba siku hizi ukichelewa kidogo tu asubuhi hupati kiti. Pamoja na hayo yote kuna hoja imenikaa rohoni muda sasa, nikaona niimwage hapa tuipige msasa pamoja.

Hoja yenyewe ni hii: Kiingereza tunakisoma kwa kukariri maneno mojamoja, kila neno na tafsiri yake moja, kama watoto yatima wasio na ndugu. Halafu tunashangaa kwa nini tunakielewa nusunusu. Neno la Kiingereza, hasa nomino za kila siku, maana yake iko kwa majirani zake: kitenzi kilichotangulia, kivumishi kilichokaa pembeni, hata kihusishi kidogo kilichofuata. Usipowajua majirani, neno hulijui, hata uwe umelikariri tangu kidato cha kwanza.

Nachukua mfano mmoja tu: "interest". Nani hapa chuo halijui? Muulize mtu yeyote koridoni atakujibu bila kufikiri: hamu, kupenda kitu. Sawa kabisa. "Show interest", "lose interest", "take an interest in", hizo zote ni habari za hamu na kuvutiwa. Sasa mpeleke mtu huyohuyo benki. Pale "pay interest" na "charge interest" ni riba. Mpeleke mahakamani au ofisi ya serikali: "conflict of interest" ni mgongano wa maslahi, "public interest" ni maslahi ya umma. Mpeleke kwenye kampuni: "controlling interest" ni hisa zinazompa mtu sauti ya mwisho. Mpeleke matembezini: "places of interest" ni vivutio. Neno ni lilelile, limebadilisha majirani tu.

Ona na hii. Mtu "listened with interest", yaani alisikiliza kwa hamu. Mwingine alirudisha fedha "with interest", yaani pamoja na riba. Kipande ni kilekile cha maneno mawili, kinachoamua ni kitenzi kilichokaa mbele. Ndiyo maana nikikuta kwenye asaimenti ya mtu sentensi inayosema "I paid interest to this topic", nacheka lakini pia naumia. Alitaka kusema mada ilimvutia. Alichoandika ni kwamba mada ilimdai riba, naye akalipa! Amechanganya "pay attention" na "take an interest", na kwa kweli hana kosa kubwa, maana hakuna aliyewahi kumwambia kwamba maneno yana ndoa zake.

Wanaofuatilia Bunge kule Dodoma wanajua ile desturi: mbunge anasimama, na kabla hajachangia anasema ana-"declare interest", kwamba yeye ni mfugaji au anamiliki shule. Mwenye tafsiri moja kichwani atadhani mheshimiwa anatuambia anapenda ng'ombe. La hasha! Anatangaza maslahi, yaani anakiri kwamba mfuko wake unaguswa na jambo linalojadiliwa, ili tumpime anachosema. Na ukijua hilo utaelewa kwa nini hakimu anatakiwa awe "disinterested". Si kwamba asijali kesi wala asinzie. Ni kwamba asiwe na maslahi ndani yake. Asiyejali ni "uninterested". Silabi moja ya mbele imebeba haki ya mtu.

Hapa ndipo ninapowashangaa wale ndugu zangu wa "Kiswahili ni lugha maskini". Jamani, tuhesabu vizuri. Riba, maslahi, hamu, hisa, kivutio: sisi tuna maneno matano tofauti mahali ambapo Mwingereza ana moja analolituma kila mahali kama houseboy. Na riba yetu, tuliyoipata kwenye Kiarabu, kwa Muislamu inabeba hadi uzito wa dini, jambo ambalo ukisikia "interest" peke yake hulisikii. Kwa upande mwingine na sisi tuna yetu. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga kura, tunapiga deki, tunapiga hodi, tunapiga magoti, wala hakuna anayeumia. Mgeni akikariri kwamba kupiga ni kumchapa mtu, atashangaa sana siku ya uchaguzi. Kwa hiyo mchezo huu wa maneno na majirani tunaujua tangu tukiwa wadogo. Ajabu ni kwamba tukifika kwenye Kiingereza tunausahau kabisa.

Mtaniambia, sasa kuna ubaya gani, si ni alama mbili tatu za asaimenti? Hapana wadau. Shida kubwa iko kwenye makaratasi tunayosaini.

Piga hesabu hii na mimi. Umekopa shilingi 1,200,000, unarudisha kwa miezi 12, "interest" ni asilimia 20 kwa mwaka. Je, utalipa riba kiasi gani? Jibu sahihi ni: bado sijaambiwa majirani. Kama karatasi inasema "flat rate", riba inapigwa kwenye mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho, nayo ni shilingi 240,000. Kama inasema "reducing balance", riba inapigwa kwenye salio linalobaki tu, na kama kila mwezi unapunguza laki moja ya mkopo wenyewe, jumla ya riba inakuwa shilingi 130,000. Tofauti ni shilingi 110,000, na asilimia ni ileile 20! Hiyo laki na kumi ni msosi wa mwanafunzi wa wiki kadhaa, na imeondoka kwa sababu ya maneno mawili ambayo wengi tunayaruka kwa macho.

Tena kuna "per month" na "per annum". Asilimia 10 inasikika ndogo, lakini ikiwa ni kwa mwezi, kwa mwaka ni 120, na hapo hatujaongeza riba juu ya riba, ile "compound interest". Mikopo ya kwenye simu imetuonyesha mengi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila kibali. Ni hatua nzuri, naiunga mkono. Lakini hata mkopeshaji mwenye leseni yake safi bado atakuletea masharti ya Kiingereza, nawe utabonyeza "I agree" ukikimbilia msosi.

Na wakati mwingine neno lenyewe linafichwa. Kaka na dada zetu waliosoma kwa mkopo wa serikali walikuwa wakiongezewa asilimia 6 kwa mwaka, lakini haikuitwa "interest", iliitwa "value retention fee", tozo ya kutunza thamani ya fedha. Rais Samia aliagiza iondolewe kwenye Mei Mosi ya 2021. Mimi nasema: kitu kinachokua kwa asilimia kila mwaka juu ya deni, mdaiwa anakiona ni riba, uliite tozo au uliite maua. Kubadilisha jirani wa neno ni njia ya zamani ya kumfanya mtu asiulize swali.

Wapo watakaosema dawa ni kusoma vitabu vingi tu, majirani utawazoea taratibu. Kwa sehemu nakubali. Lakini mkataba hausomi mara hamsini ukauzoea, unausaini mara moja. Na wengi wetu tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza tukarushwa kwenye Kiingereza kama mtu asiyejua kuogelea. Tulishika maneno yale yaliyoelea karibu, kila moja na tafsiri yake, na hadi leo tunayang'ang'ania.

Ushauri wangu ni mdogo. Kwenye daftari usiandike "interest = hamu". Andika kipande kizima: "take an interest in something", "charge interest on a loan", "declare an interest". Kamusi ya TUKI ya Kiingereza na Kiswahili itakupa maana zote, usiishie ya kwanza. Na Oxford wana kamusi maalumu ya maneno yanayoandamana, imekuwepo tangu 2002, kazi yake ni kukuonyesha majirani tu. Kabla ya kusaini mkopo wowote, muulize aliyekuletea: riba ya mwaka au ya mwezi, kwenye mkopo wote au kwenye salio? Akianza kung'aa macho, ondoka.

Mnasemaje wadau? Mwenye neno jingine lenye tabia hii alilete, nahisi "charge" na "credit" nazo zina visa vyake. Mimi naingia lekcha ya saa nne. Tutaonana.