Kukaa Sana Si Kujua

Wiki iliyopita nilifungwa na mtoto wa darasa la saba, na mpaka leo nakataa kwamba alinifunga.

Cheka, ndugu msomaji, lakini nisikilize kwanza. Ilikuwa kwenye banda la gemu la mtaani kwetu: chumba kimoja, televisheni nne, feni moja inayolalamika, bei ya saa imeandikwa kwa chaki ukutani. Gemu ilikuwa Rogue Legacy, iliyotolewa mwaka 2013 na Cellar Door Games wa Kanada. Humo ukifa, mwanao anaokota upanga. Naye akifa anaingia mjukuu, na ukoo unaendelea. Dhahabu aliyokusanya marehemu ndiyo mirathi. Unainunulia ngome ya ukoo uhai zaidi na pigo zito zaidi. Tukakubaliana kila mtu na faili lake, tupokezane pedi, na atakayemwangusha bosi wa kwanza ndiye mbabe. Faili la dogo lilikuwa limelelewa tangu likizo ya Juni. Langu lilikuwa na umri wa dakika kumi. Yeye alisimama katikati ya mashambulizi anapigwa kama ngoma wala hajali. Mimi niliguswa mara chache tu nikawa maiti.

"Kaka, wewe gemu huijui," akaniambia, tena kwa huruma.

Watu wakacheka. Jamaa mmoja aliyeegemea mlango akanipa nasaha: "We kaa tu, bro. Ukishapiga saa thelathini hivi utakuwa na nguvu."

Ukishapiga saa thelathini! Hapo ndipo damu iliponichemka, na hapo ndipo yalipoanzia haya ninayoyaandika.

Ugomvi wangu si na dogo. Ana vidole vyepesi na huenda angenifunga hata kwa haki. Ugomvi wangu ni na lile wazo la mlangoni, kwamba kukaa mbele ya kioo ni sifa, kwamba aliyekaa zaidi apewe silaha zaidi, kisha sote tumwite stadi. Hebu tuulizane: mwenye saa nyingi ni nani? Ni mwenye umeme usiokatika, mwenye hela ya kulipia banda, asiye na mdogo wa kumfuata shuleni. Nina mshikaji anakaanga chipsi mpaka saa nne za usiku. Kwa siku ana dakika 40 za kucheza, akibahatika. Gemu za mirathi zinamwambia: karibu sana, utaanza kushinda mwakani. Na ule usiku umeme utakapokatika katikati ya safari, asimlaumu mtu.

Si hivyo mambo yalivyoanza. Gemu iliyoupa ukoo huu jina, Rogue, ilitungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Michael Toy na Glenn Wichman, wanafunzi wa chuo kikuu California. Ilichorwa kwa herufi tupu kwenye kioo cha kompyuta. Vyumba vilipangwa upya kila mara, na ukifa umekufa. Unarudi ghorofa ya juu mikono mitupu. Ulichobaki nacho ni kile kilichoingia kichwani. Baadaye wakaja watu wa "roglaiti", yaani Rogue iliyopunguzwa makali: unakufa, ndiyo, lakini kuna kitu unatoka nacho kaburini. Dhamira ilikuwa njema. Watu walikuwa wanakata tamaa. Lakini dawa ya kukata tamaa imegeuka kuwa mshahara, na mshahara una tabia yake: mtu huanza kwenda kazini.

Sasa itazameni Risk of Rain 2, niwaonyeshe kwamba njia nyingine ipo, tena imetembelewa na watu wengi. Ilitungwa na Hopoo Games, kikundi kilichoanzishwa na Duncan Drummond na Paul Morse walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Ya kwanza ilitoka 2013. Hii ya pili ilianza kuuzwa ikiwa mbichi Machi 2019, ikaiva Agosti 2020. Unateremshwa kwenye sayari iitwayo Petrichor V, peke yako au na wenzako mpaka mtimie wanne. Unaua mazimwi, mazimwi yanakupa hela, hela inafungua makasha, ndani ya kasha mna kitu: sindano ya askari inayokuongezea kasi ya kupiga kwa asilimia 15, kwato ya mbuzi inayokuongezea mwendo kwa asilimia 14, miwani, dubu wa kuchezea, gitaa dogo linalorusha radi. Vitu havina kikomo. Ukipata sindano ishirini unabeba ishirini. Baada ya nusu saa mtu aliyeshuka na bastola mbili anafyatua kama cherehani iliyokosa fundi, kioo kizima moto mtupu, hujui nani anampiga nani. Raha ya ajabu! Halafu unakufa, na vyote vinabaki hukohuko kwenye sayari. Kesho unashuka tena na bastola zako mbili.

Waama, huko ndiko kukua. Unakua ndani ya safari, machoni pako, kwa dakika ulizo nazo. Mkaanga chipsi wangu anaweza kuzaliwa, kuota ndevu na kufa katika dakika zake 40, na safari yake haina upungufu wowote mbele ya ya dogo mwenye likizo nzima.

Kuna watakaoniruka hapa: "Gemu hiyo haina usawa! Vitu vingine vina nguvu kupita kiasi!" Wanataka kila kitu kipimwe kwa mizani ya duka la sukari, kinachozidi kikatwe, mpaka sindano na miwani na kwato vilingane kama vidole vya glavu. Hawa nao wamekosea, na kosa lao ni kutafuta mizani ndani ya kasha. Mizani iko juu, pembeni mwa kioo: saa.

Kila sekunde inayopita, mazimwi yanapanda. Ule mstari wa ugumu unaanza na maneno ya kawaida, rahisi, wastani, mgumu, halafu unaanza kukutisha, na mwisho unaandika HAHAHAHA. Nyuma ya pazia kuna programu ambayo watungaji wenyewe wanaiita Mkurugenzi. Mkurugenzi ana fungu lake, nalo linaongezeka kadiri muda unavyokwenda. Wewe unanunua makasha, yeye ananunua mazimwi. Akiwa na akiba ndogo anakuletea vidudu. Akiwa nayo kubwa anakuletea wakubwa, tena waliovikwa moto au barafu. Basi ukikaa kuchokonoa kila kona ya hatua ya kwanza, ukidhani unajitajirisha peke yako, jua na mwenzako huko juu anahesabu noti. (Wakurugenzi wa namna hiyo nawafahamu wengine, lakini hiyo si mada ya leo.)

Hapo ndipo penye utamu wenyewe. Wahenga wetu walituachia haraka haraka haina baraka, kisha haohao wakatuachia ngoja ngoja huumiza matumbo, wakaondoka bila kutuambia ipi itumike lini. Gemu hii inakuuliza swali hilo kila dakika. Kasha dogo mwanzoni ni dola 25. Bei za hatua hupangwa unapoingia hatuani, hazipandi ukiwa ndani, lakini za hatua ijayo zinakungoja na saa yako mkononi. Kuna wachezaji wanahubiri kwamba kila hatua isizidi dakika tano. Nusu ya ukweli! Kwa sababu kila hatua unayoimaliza nayo inazidisha ugumu mara 1.15, hata kama ulipita kama mshale. Anayekimbia sana anafika mbele na mfuko mtupu. Hakuna jedwali la kukuokoa. Unatazama ulichookota leo, unatazama saa, unaamua.

Tena mkitaka kupima vitu vyenyewe, upimaji upo, ila ni wa akili. Miwani kila moja inakupa nafasi ya asilimia 10 ya pigo kuwa maradufu. Ukifika kumi, kila pigo ni maradufu, na ya kumi na moja ni mzigo tu begani. Dubu ni mwingine kabisa. Wa kwanza anakukinga pigo kwa nafasi ya asilimia 13 hivi, kumi wanakupa 60, ishirini wanakupa 75, na hata ukijaza kontena zima hufiki 100. Haguswi mtu, lakini pia hakuna asiyeguswika. Halafu kipo kile kioo chenye laana: kinakupa pigo mara mbili na kukukata uhai nusu. Kina nguvu kupita kiasi? Mno! Nani amekuzuia kukichukua? Chukua, halafu ujikwae mara moja.

Na yule bosi wa mwisho, Mithrix, nimesikia vijana wakimtukana kwa sababu katika awamu ya mwisho anakupora kila ulichobeba, nawe unavirudisha kimoja kimoja kwa kumpiga. "Si haki," wanasema. Mimi naona hakuna swali la haki zaidi katika gemu nzima. Saa nzima umekuwa ukijisifia mfuko. Mfuko huo hapo amekaa nao yeye. Haya, wewe unajua nini?

Nisije nikaonekana mpiga debe, nitaje na madoa yake. Risk of Rain 2 nayo ina mirathi ya mlango wa nyuma: zile sarafu za mwezi, ambazo hazipotei ukifa na zinanunua vitu vya laana. Mwenye saa mia mbili anazo gunia. Mgeni anazo mbili. Zingefutwa kila safari nisingelia. Tena vitu vingi vimefungiwa mpaka utimize masharti, na hapa kuna kichekesho: ukikifungua kitu dhaifu, kinaingia kwenye makasha pamoja na vizuri, na kuanzia siku hiyo unakiokota badala ya kile ulichokihitaji. Zawadi inayokupunguzia! Wapo pia wanaowasha kile kifaa cha kukuruhusu uchague kila kitu mwenyewe badala ya kubahatisha. Wafurahi, ila wasije wakanisimulia ushindi wao.

Doa kubwa zaidi si la watungaji wa mwanzo. Mwaka 2022 waliiuza gemu kwa kampuni ya Gearbox, na nyongeza iliyotoka Agosti 2024 ilifika na kasoro ya ajabu: baadhi ya mwendo na mapigo yalifungwa kwenye idadi ya picha ambazo kompyuta inaweza kuchora kwa sekunde. Maana yake, mashine yako ikiwa nzito au nyepesi, gemu yenyewe inabadilika. Wachezaji walipiga kelele, kampuni ikakiri na kurekebisha. Nalitaja kwa sababu ni ugonjwa uleule uliovaa kanzu nyingine. Kipimo kimetoka kwenye vidole vya mtu kimehamia kwenye alichonacho mtu: mashine, saa, umeme.

Najua jibu la mwisho litakuwa lipi, na ndilo jibu la heshima kuliko yote: "Na wasioweza je? Mama mwenye watoto, mwenye mkono unaouma, mtu wa miaka hamsini?" Wasaidiwe! Lakini wasaidiwe mchana kweupe. Hades, ya Supergiant Games, iliyokamilika 2020, ina kitufe ukikibonyeza unapunguziwa maumivu kwa asilimia 20, na kila unapokufa inaongezwa 2, mpaka 80. Kimeandikwa wazi kwenye orodha ya mipangilio, unakiwasha ukitaka, unakizima ukitaka, wala hakihesabu umekaa saa ngapi. Sina neno nacho. Ninachokipinga ni msaada uleule kufichwa, ukaitwa ngazi, ukaitwa maendeleo, mtu akaupata bila kujua kwamba ni msaada, kisha akasimama katikati ya banda akamwambia mwenzake gemu huijui.

Hata Hades hiyohiyo haijitoi kabisa, ina kioo chake chumbani cha kununulia nguvu za kudumu. Nimeicheza, nimeipenda, na nilipomwangusha baba mtu kwa mara ya kwanza sikujua nimpongeze nani, mimi au kioo. Mtungaji wa gemu anayenifanya nijiulize swali hilo ameninyima kitu nilichokilipia.

Basi, dogo. Najua husomi majarida, lakini dada yako anasoma, atakufikishia. Jumamosi saa nane nitakuwa bandani, nimeshalipia saa mbili, zangu na zako. Faili jipya, jina lolote utakalo. Risk of Rain 2, ugumu wa juu kabisa, ule wanaouita Monsoon, neno ambalo ukilifuatilia utakuta ni ndugu wa msimu wetu, yote mawili yalitoka kwa Waarabu. Tunashuka na bastola mbili mbili. Kila mtu safari yake, anayekufa anaacha pedi, tunaandika dakika na hatua kwa chaki palepale chini ya bei. Na yule jamaa wa mlangoni aje pia, yeye atatushikia saa.