Maumivu ya Kiuno: Hofu Nayo Itibiwe

Mkulima wa Karatu aijua vyema kazi ya kuinama. Huinama akipalilia mahindi na maharage, na huinama tena katika mashamba ya vitunguu ya Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi. Huko Ngorongoro mama wa Kimaasai hubeba kuni mgongoni, na dereva wa watalii hurushwarushwa kutwa katika njia za vumbi za kreta. Kiuno cha mmoja wao kinapouma, kinachosimama si mtu mmoja tu, bali riziki ya nyumba nzima.

Tatizo hili si la Karatu na Ngorongoro peke yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwamba ifikapo mwaka 2050 watafikia milioni 843. Kwa walio wengi hakuna mfupa uliovunjika wala ugonjwa mahususi unaoonekana.

Hata hivyo, imani iliyoenea ni kwamba panapouma pameharibika. Mgonjwa akiambiwa kuwa uti wake wa mgongo umesagika, huweka jembe chini na kulala. Misuli hulegea, viungo hukakamaa, usingizi hupotea, na wasiwasi huufanya ubongo utangaze hatari hata pale isipokuwapo. Hivyo maumivu huzaa hofu, hofu huzaa kukaa bure, na kukaa bure huzaa maumivu mapya.

Mzunguko huo ndio unaokusudiwa kukatwa na tiba ya fikra na mwenendo katika fiziotherapia. Tiba hii haidai kwamba maumivu ni ya kubuni; maumivu ni ya kweli. Mtaalamu humsikiliza mgonjwa, humwuliza anachokiogopa, kisha humthibitishia kwa vitendo kwamba mgongo wake ungali na nguvu. Aogopaye kuinua ndoo huanza na ndoo tupu, kisha robo, kisha nusu. Hufundishwa pia kuigawa kazi, asije akamaliza palizi yote siku ya nafuu na kulala siku tatu zifuatazo.

Ushahidi upo. Mwaka 2023 jarida la The Lancet lilitoa matokeo ya utafiti uliofanywa Australia kwa watu 492. Waliotibiwa kwa njia ya namna hiyo, kwa vikao visivyozidi saba katika wiki 12 na kimoja cha kukumbushia baadaye, walimudu shughuli zao kuliko waliopata huduma ya kawaida, na nafuu hiyo ilidumu mwaka mzima. Desemba mwaka huo huo, Shirika la Afya Duniani liliitaja tiba hiyo, pamoja na elimu na mazoezi, miongoni mwa njia zifaazo kwa maumivu sugu ya kiuno.

Lakini tahadhari ni lazima. Mwenye homa, anayekonda, anayeshindwa kuzuia mkojo au aliyeumia ajalini apelekwe hospitali bila kukawia. Katika nchi ya wafugaji, kifua kikuu cha uti wa mgongo na bruselosi, iletwayo na maziwa mabichi, huuma kiunoni vilevile, na dawa yake si mazungumzo.

Wala tiba hii isigeuzwe kisingizio. Fikra njema haiifupishi njia ya kisimani. Maji yasogezwe karibu na watu, na mizigo ipunguzwe, ndipo mgonjwa aambiwe asiogope.

Njia hii haidai mashine za gharama. Inadai muda, mafunzo na lugha. Mzee anayeeleza hofu yake kwa Kiiraqw au Kimaasai hawezi kuhudumiwa kwa dakika tano na mtu asiyemwelewa. Vyuo vinavyofundisha fiziotherapia, kikiwamo cha KCMC Moshi, vilipe somo hili uzito unaostahili, na matokeo yake yapimwe hapa hapa nchini, kwani kazi ya mkulima wa Karatu si kazi ya karani wa Australia.

Neno la mtabibu ni sehemu ya tiba. Likitamkwa ovyo, humlaza mtu mwenye nguvu zake. Likitamkwa kwa ujuzi, humrudisha shambani kabla msimu haujampita.