Lami inaishia getini: Karatu na Ngorongoro kwa picha za barabarani



Wiki iliyopita nilikuwa napekua CD zangu za zamani, nikakutana na moja niliyoiandika kwa peni "Karatu 2006". Ndani kuna picha sitini na kitu, nusu yake zimetikisika kwa sababu nilikuwa napiga huku gari linakwenda. Simba hakuna hata mmoja. Wakati ule washikaji walinicheka sana: yaani umefika Ngorongoro, umerudi na picha za Fuso na punda?

Mwaka 2024 nilipita tena njia ile ile, nikapiga tena. Nimeziweka pamoja za zamani na mpya, na kuna jambo nimeliona ambalo nataka tulijadili. Hoja naisema mapema ili mwenye haraka asipoteze bando lake: kwa wakazi wa ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, usafiri siyo suala la kuchelewa kazini. Ni suala la chakula. Twende taratibu.

Picha ya kwanza ni stendi ya Karatu, 2006. Haisi moja, konda ananing'inia mlangoni, mpiga debe anaita "Arusha, Arusha, siti ya dirishani!" Ndani watu wamekaa wanne wanne kwenye siti ya watatu. Siti ya dirishani niliipata kweli, ila dirisha lenyewe lilikuwa limezibwa na tenga la kuku.

Chini ya Haisi kuna lami nyeusi, bado mpya. Hiyo lami ilijengwa kwa msaada wa Serikali ya Japani miaka ya mwanzo ya 2000. Inaanzia Makuyuni, inapita Mto wa Mbu, inapanda ule ukuta wa Bonde la Ufa, inafika Karatu na kuishia geti la Lodoare, mlango wa kuingilia hifadhi. Kabla ya hapo, mvua zikianza, kupanda ule mlima ilikuwa ni kusukuma gari na kusali.

Picha ya 2024 ni stendi hiyo hiyo. Haisi zimepungua, Noah zimejaa. Mbele yake bodaboda wamejipanga mstari mrefu, bajaji nazo zipo. Mkumbuke kwamba bodaboda na bajaji zilitambuliwa rasmi kubeba abiria kwa kanuni za mwaka 2010. Leo kijana wa Karatu mwenye pikipiki anakufikisha Rhotia, Oldeani au Endabash, bila kusubiri gari lijaze. Huwezi kusema maendeleo hayapo. Lami ikija, gari dogo linatosha, biashara inasogea, vijana wanapata cha kufanya.

Picha ya pili ni barabara ya Mang'ola, kule bonde la Ziwa Eyasi. Fuso imebeba vitunguu mpaka juu, na juu ya magunia wamekaa watu kumi na wawili, nimewahesabu. Wadau mnaokula kachumbari Arusha, Dar na hata Nairobi, vitunguu vyenu vingi vimetoka huko. Sheria inakataza kupanda juu ya mzigo, kila mtu anajua, na mimi mwenyewe siku ile nilipanda. Gari la abiria lilikuwa limeondoka alfajiri, na lingine halikuwepo. Vumbi lilinifanya nifanane na tofali.

Lakini hata huyo wa juu ya Fuso ana unafuu wake. Ana shamba. Akikosa gari leo, nyumbani kuna mahindi. Sasa twende getini.

Picha ya tatu nimepiga Lodoare, lami inapokatika. Mbele ni udongo mwekundu, msitu na ukungu. Upande wa kushoto magari ya watalii, Land Cruiser ndefu zenye paa la kufunguka, yamepanga foleni. Upande wa kulia kuna pikapu moja imebeba magunia ya mahindi, na juu yake akina mama wa Kimaasai wamejifunika shuka kwa baridi.

Kwa nini mahindi yanaingia hifadhini kwa gari? Hapa ndipo penye hoja. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilianzishwa mwaka 1959, baada ya Wamaasai kuondolewa Serengeti. Makubaliano ya wakati ule yalikuwa wanyama na wafugaji waishi pamoja. Kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa tena mwaka 1992 kwa bustani ndogo, kikapigwa marufuku tena mwaka 2009. Maana yake mkazi wa Endulen au Nainokanoka haruhusiwi kulima hata tuta moja la mahindi. Maziwa na nyama peke yake havitoshi familia, hasa wakati wa kiangazi. Kwa hiyo anauza mbuzi, anakwenda Karatu, ananunua mahindi, analipa gari, anarudi.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Ukilima, barabara mbovu inakupunguzia faida. Usiporuhusiwa kulima, barabara mbovu inakupunguzia ugali. Nauli ikipanda, anayepunguziwa ni mtoto kwenye sahani. Hili ndilo sikulielewa mwaka 2006.

Pale Karatu nilimkuta mzee mmoja amekaa juu ya gunia lake, fimbo mkononi. Nikamsalimia, "Shikamoo mzee." "Marahaba." Nikamuuliza gari la kwenda kwao linakuja saa ngapi.

"Likija, hiyo ndiyo saa yake," akanijibu.

Nikacheka, yeye hakucheka. Akaangalia jua. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba alikuwa anahesabu muda wa geti. Geti linafungwa saa 12 jioni. Gari likichelewa kujaza, unalala Karatu, na kulala Karatu ni hela, ambayo inatoka kwenye lile lile gunia.

Hapa niseme kwa haki. Kufunga geti usiku kuna sababu yake. Wanyama wanavuka barabara, ukungu wa juu kule ni mzito kiasi huoni bonet ya gari, na majangili wanapenda giza. Sipingi. Ila angalia nchi inavyokwenda. Mwaka 2023 mabasi ya mikoani yaliruhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya katazo la tangu miaka ya 1990. Nchi nzima ikapata saa za ziada za kusafiri. Mzee wangu wa gunia hakupata hata dakika.

Na upande wa pili wa foleni? Gari moja la watalii likitaka kushuka kreta linalipa Dola 250 kabla ya kodi, mbali na kiingilio cha kila mtu. Hela hiyo ni nzuri kwa nchi, tunaihitaji. Lakini barabara, ratiba na huduma zimepangwa kwa kumfikiria huyo anayepita siku moja. Anayeishi pale maisha yake yote hana basi lenye saa inayojulikana.

Msidhani ni Ngorongoro kwenyewe tu. Hata makao makuu ya wilaya yako Loliondo, kaskazini kabisa. Mwaka 2010 serikali ilipopanga barabara ya kukatiza kaskazini mwa Serengeti, dunia ilipiga kelele, na mwezi Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki ikazuia isiwekwe lami ndani ya hifadhi. Wanaharakati wa wanyama walishangilia, na nyumbu wamepona. Ila swali la mgonjwa na mwanafunzi wa Loliondo watapita wapi lilibaki mikononi mwao wenyewe. Njia mbadala ya kusini, inayopita Karatu, Mbulu na Haydom kwenda Maswa, imezungumzwa miaka na miaka.

Kuna picha moja sikupiga mimi, nadhani wengi wenu mliiona kwenye habari. Juni 2022, mabasi na malori yamepanga mstari tayari kuhamisha familia za kwanza kwenda Msomera, Handeni, kama kilomita 600 kutoka Ngorongoro. Serikali imesema siku zote kwamba kuhama ni kwa hiari. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya Julai 2024, likasema wakazi wanabanwa kwa kupunguziwa huduma, ikiwemo hospitali ya Endulen. Mimi siyo hakimu. Nauliza tu kama mtu wa barabarani: ilikuwaje siku ya kuondoka usafiri ukapatikana, tena wa bure, na mizigo na mifugo ikabebwa?

Halafu Agosti 2024. Tangazo la serikali lilifuta kata 11 na vijiji 25 vya Ngorongoro, na kura za watu zikawa hazijulikani zitapigwa wapi. Tarehe 18 Agosti wananchi walijaa kwenye ile barabara kuu ya kwenda Serengeti, maelfu kwa maelfu, siku kadhaa. Watu ambao kila siku husogea pembeni kupisha magari, safari hii walisimama katikati. Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha tangazo hilo kwa muda, na serikali ikasema watapiga kura kama wengine. Desemba Rais Samia akakutana na viongozi wao Arusha na kuahidi tume mbili, moja ya ardhi na nyingine ya zoezi la kuhama.

Hawakuandamana kudai basi, najua. Lakini walichagua kusimama barabarani kwa sababu barabara ndiyo mahali pekee pale ambapo nchi inawaona.

Nini kifanyike? Nina mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji kuua nyumbu.

Moja, mabasi madogo ya wakazi, yenye ratiba iliyobandikwa stendi ya Karatu na getini, yaendeshwe kwa sehemu ya hela ya kreta. Mbili, ghala la nafaka ndani ya tarafa, mahindi yauzwe kwa bei ya Karatu, ili mtu asipande pikapu kwa ajili ya debe moja. Tatu, utaratibu wa mgonjwa na mama mjamzito kupita geti usiku uandikwe, ubandikwe ukutani kwa Kiswahili na Kimaasai, usitegemee aliyeko zamu ameamkaje.

Picha ya mwisho, 2024, njia ya kwenda Endulen. Mama na punda wawili, magunia mgongoni mwa punda, mtoto anafuata nyuma. Siyo mbali sana na Laetoli, zilikokutwa zile nyayo za watu wa kale za miaka zaidi ya milioni 3.6. Watalii wanavuka bahari kuja kusikia habari za hao waliotembea kwa miguu zamani. Huyu wa leo walimpita bila kupunguza mwendo, akabaki kwenye vumbi akifuta macho ya mtoto.

Nilimpungia mkono. Akanipungia. Gari nililopanda nalo halikusimama.

Wadau wa Karatu, Loliondo, Endulen na hata mliohamia Msomera, nyie ndio mnaoijua hii njia kuliko mimi. Nauli ya gunia sasa hivi ni bei gani, na gari linakuja saa ngapi? Kama nimekosea nirekebisheni.

Nawakilisha.