Injini Inayogonga Asubuhi

Akina mama wenzangu,

Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi za hapa Isongole huwa na baridi. Gari lililolala nje huwashwa mapema, maana kuna watoto wa kupeleka shule, na kuna mzigo wa kuwahisha Tunduma kwa barabara ya lami ya Mpemba. Mara tu linapowaka, sauti ya kugonga husikika chini ya boneti. Baba husema, "Litanyamaza likipata moto." Mara nyingi hunyamaza kweli. Hata hivyo yafaa kujua limenyamaza baada ya muda gani, kwa kuwa muda huo ndio unaoonyesha kama injini ni nzima au inaumwa.

Kwa nini igonge asubuhi? Gari likilala, oili hushuka yote chini ya injini, na vyuma vya juu hubaki na utando mwembamba tu. Baridi nayo huifanya oili iwe nzito, kama tunavyoona mawese yakiganda jikoni. Tena pistoni za aluminiamu zikiwa baridi husinyaa, nafasi kati yake na silinda ikaongezeka.

Kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare, chomoa kijiti cha kupimia oili, kifute kwa kitambaa, kirudishe, kisha kichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa chini, ongeza kwanza. Kisha washa bila kukanyaga mafuta, ukiwa na saa mkononi.

Sauti nyepesi ya ti-ti-ti upande wa juu, ikaisha ndani ya sekunde chache, kwa kawaida ni tapeti zinazosubiri oili. Ikianza kuchukua muda mrefu kuliko zamani, angalia kama oili imechakaa, au kama filta ni hafifu na hairuhusu oili kubaki juu usiku.

Sauti nzito kidogo, ya kitu chenye uwazi, ikapungua taratibu kwa dakika kadhaa injini inapopata joto, mara nyingi ni pistoni iliyolika. Gari la namna hiyo laweza kufanya kazi muda mrefu. Lichunguzwe kama linakula oili au kutoa moshi wa bluu.

Sauti ya kupumua, "chu-chu-chu", inayokwisha joto likipanda, yaweza kuwa ni ekzosi inayovuja pale inapoungana na injini. Ziba mapema, moshi usiingie walimokaa watoto.

Gari la dizeli hugonga zaidi likiwa baridi, na hilo peke yake si ugonjwa. Ila likigonga sana na kutoa moshi mweupe kwa muda mrefu, fundi aangalie noseli na plagi za kupashia joto.

Sauti ya kuogopa ni ile nzito, ko-ko-ko, inayotoka chini, isiyokwisha injini ikipata moto, na inayozidi ukikanyaga mafuta au ukipanda mlima. Hizo huenda ni beringi za konrodi. Zima injini. Ndivyo pia taa nyekundu yenye umbo la birika isipozimika sekunde chache baada ya kuwasha. Usiseme utajikongoja hadi Mpemba. Beringi ikibadilishwa mapema, krenki yaweza kupona. Ukiendelea, krenki huharibika, na konrodi ikikatika hutoboa injini. Hapo ada za watoto huishia gereji.

Ukifika kwa fundi, usimwambie tu kwamba gari linagonga. Mweleze linagonga lini, kwa muda gani, juu au chini, na kama taa iliwaka. Ikiwezekana, liache lilale kwake alisikie asubuhi. Mwombe apime nguvu ya oili kwa geji kabla ya kufungua chochote.

Oili inunuliwe kwa namba inayotakiwa na injini yako. Katika 20W-50, namba ya kwanza yaonyesha uzito wake wakati wa baridi. Ikiwa ndogo, oili hufika juu upesi. Oili nzito kupita kiasi huficha sauti tu, haitibu beringi. Kwa hiyo mkienda kununua gari lililotumika, nendeni alfajiri, mkaguse boneti. Ikiwa ya moto, mwenye gari amekwisha kuliamsha kabla yenu. Rudini siku nyingine.

Mwisho, msiwashe gari ndani ya banda lililofungwa ili lipate joto. Moshi wake una sumu isiyo na harufu. Liwasheni nje, subirini kidogo, kisha ondokeni polepole kwa kilomita za kwanza.

Hadi mwezi ujao, kwaherini.