Fundi Hajakuibia Pikapu!

Wapiga gitaa wetu wana ugonjwa mmoja, na leo nitausema hata kama kuna watakaoninunia. Mtu anachomoa pikapu kwenye gitaa moja (nazungumzia pikapu ya gitaa la umeme, si ile ya kubebea mchanga!), anampelekea fundi aifunge kwenye gitaa jingine. Akipiga anakuta sauti si ile aliyoizoea. Basi hapohapo anapiga kelele: "Fundi kanibadilishia!" Haulizi, hapimi, hasikilizi. Fundi ni mwizi, kesi imekwisha.

Fundi mmoja ninayemfahamu hapa Dar yuko kwenye balaa hilo sasa hivi. Kiongozi wa bendi moja, jina nalihifadhi, alimletea pikapu ya Seymour Duncan aina ya JB kutoka kwenye gitaa lake la zamani lenye umbo la Les Paul, aifunge karibu na daraja la gitaa jipya lenye umbo la Stratocaster. Kazi ya jioni moja. Kesho yake jamaa akarudi na vijana wawili, analalamika sauti imepoa, imefunikwa blanketi. Wakaondoka na chuma cha kuchomea risasi, mita ya umeme na redio ya mteja mwingine kabisa, eti dhamana mpaka pikapu "halisi" irudi. Sasa fundi asiye na chuma cha kuchomea atalisha watoto kwa kazi gani? Niliipeleka habari hii gazetini. Mhariri akasema ipelekwe kurasa za burudani. Burudani wakauliza kama kuna picha ya msanii maarufu. Haya, acha niiandike hapa.

Tuanze na jambo ambalo kila mpiga solo analijua kwa masikio yake. Stratocaster ilipotoka mwaka 1954 ilikuwa na pikapu tatu za muundo uleule. Sogeza swichi kutoka pikapu ya shingoni kwenda ile ya darajani, na sauti nene inageuka kali kama wembe. Nani amewahi kumwita Leo Fender mwizi kwa sababu hiyo? Gitaa lilelile, nyuzi zilezile, kilichobadilika ni sentimita chache tu za mahali pa kusikilizia. Wewe umebadilisha gitaa zima, halafu unashangaa?

Tatizo ni kwamba watu wanaamini sauti imehifadhiwa ndani ya pikapu kama asali kwenye chupa, ukiihamisha inahama nayo. Hakuna kitu kama hicho. Pikapu ni sumaku na maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba wa shaba, basi. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, nguvu ya sumaku inayopita kwenye koili inabadilika na umeme mdogo unazaliwa. Michael Faraday alilionyesha jambo hilo mwaka 1831, gitaa la umeme bado halijaotwa na mtu. Kwa hiyo pikapu inasikia kile kinachotokea pale ilipokaa, na uzi hautikisiki sawasawa kila mahali. Karibu na daraja unacheza kidogo na zile sauti nyembamba za juu zinajitokeza zaidi. Ukielekea shingoni, sauti ya msingi ndiyo inatawala.

Halafu pima urefu wa nyuzi. Stratocaster ina milimita 648, Les Paul karibu 628. Uzi wa unene uleule, noti ileile, unakazwa kwa takriban asilimia 6 zaidi kwenye Stratocaster. Mkono unalihisi hilo kabla ya sikio. Kimo cha pikapu nacho, milimita moja tu juu au chini, kinasikika. Mbao? Ugomvi wa mbao siuingii leo, maana tukifika huko tutalala hapa.

Ila mchawi mkubwa kwenye kesi hii hayuko hata karibu na nyuzi. Amejificha chini ya kinobu cha volyumu. Magitaa ya ukoo wa Les Paul, yenye pikapu za koili mbili, kwa kawaida hufungwa volyumu ya kilo-omu 500. Ya ukoo wa Stratocaster, yenye pikapu za koili moja, hufungwa 250. Wengi wanadhani ukikifungua kinobu mpaka 10 basi ni kama hakipo. Kipo! Sehemu ya umeme bado inavujia ati kupitia humo, na kwenye 250 inavuja zaidi. Kinachoumia ni ile ncha ya sauti kali inayoipa pikapu mng'ao wake. Fundi aliambiwa afunge pikapu, hakuambiwa abadilishe volyumu. Alikuta 250, akaiacha 250. Hilo ndilo blanketi lako, ndugu yangu.

Na waya wa kwenda kwenye amplifaya? Jamaa sasa anapiga kwenye jukwaa kubwa, kanunua waya wa mita 10 badala ya ule wa 5. Kila mita ya waya wa namna hiyo inaweza kubeba pikofaradi 100 hivi. Chukua pikapu ya kawaida ya koili mbili yenye henri 4, piga hesabu: kwa mita 5 ile ncha kali iko karibu na hezi 3,560, kwa mita 10 inashuka hadi 2,520 hivi. Hujagusa gitaa wala fundi, umeongeza waya tu.

Kinachonichekesha zaidi ni historia ya hiyo JB yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Seymour Duncan alichukua pikapu za Gibson Flying V, akazisuka upya, akazifunga kwenye Telecaster na kumpa Jeff Beck. Yaani jina unaloling'ang'ania lilizaliwa kwa kuhamisha pikapu kutoka gitaa la ukoo mmoja kwenda gitaa la ukoo mwingine. Beck alilipiga gitaa hilo kwenye albamu yake ya Blow by Blow ya mwaka 1975, na watu wakaisifu sauti kwa sababu haikuwa Gibson wala Telecaster ya kawaida. Angekuwa kiongozi wetu wa bendi, angemdai Duncan dhamana.

Sisemi mafundi wote ni malaika. Wapo wanaobadilisha vitu, tunawajua. Wapo pia wanaogeuza waya mbili kwa bahati mbaya, ukiwasha pikapu mbili pamoja sauti inakuwa nyembamba kama redio ya betri iliyochoka. Lakini wizi wa namna hii una kipimo, tena cha dakika mbili. JB ya darajani hupimwa kilo-omu 16 na ushee. Pikapu nyingi za mtindo wa zamani wa Gibson ziko kati ya 7 na 9. Pima mbele ya fundi kabla hujamwachia, andikeni namba kwenye risiti, piga picha mgongo wa pikapu kwa simu. Ukiichukua, pima tena kabla haijafungwa. Usije ukaanzisha ugomvi mwingine kwa namba kupanda kidogo: shaba ikipata joto upinzani wake unaongezeka, na kilichosoma 16 kwenye nyuzijoto 20 kitasoma karibu 16.7 kwenye nyuzijoto 32 za Dar.

Kiongozi wa bendi, najua utasoma hapa, maana vijana wako husoma. Mita ya yule fundi unayo wewe nyumbani. Chomoa waya wa pikapu, ipime. Ikisoma 8, nipigie, nitaipigania habari hiyo iende ukurasa wa mbele. Ikisoma 16 na kitu, mrudishie vitu vyake kesho asubuhi, na ile redio ya watu.