Fundi Yuko Wapi Kwa Video Yako?

Wasee, leo nitakanyaga watu vidole, na baadhi yao ni marafiki zangu. Sawa tu.

Mmeiona ile video. Landrover ya zamani imelala shambani, nyasi zimetokea kwa dirisha, kuku ametaga kwa kiti cha dereva. Muziki unaanza. Sekunde 40 baadaye gari ni kijani, inang'aa, na kijana ameegemea mlango na ovaroli isiyo na hata tone la grisi. Chini ameandika: "Nimeifufua mwenyewe, hapa tu nyumbani."

Mwenyewe? Na chesi ilichomelewa na nani?

Naongea juu ya hii kitu kwa sababu niko ndani yake. Nyuma ya nyumba yetu kuna Series III, ile ndefu ya 109, imevuliwa mpaka mifupa, na mamangu ameshazoea kuizunguka akienda kuanika nguo. Kwa hivyo sina ubaya na mtu kufufua gari nyumbani. Ni moja ya vitu poa sana kijana anaweza kufanya na mikono yake na doo yake. Shida yangu ni hilo neno "mwenyewe". Nyuma ya hizi video, mara nyingi sana, kuna mzee amelala kwa karatoni chini ya gari, na kazi ya kwanza ya anayehariri ni kumtoa.

Tuanze na gari yenyewe, ndio uelewe ni nini kinakatwa.

Landrover ilionyeshwa watu mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilikuwa kinagawanywa kwa kipimo, kwa hivyo bodi ikatengenezwa na aluminiamu. Ndiyo maana unaikuta shambani baada ya miaka 20 na bodi bado inasimama, unadhani umeokota dhahabu. Lakini chesi ni chuma. Tena ni boksi: bati zimechomelewa pamoja, katikati kuna uwazi. Maji na matope yanaingia, yanakaa, na kutu inakula kutoka ndani ikija nje. Siku wewe unaiona, yenyewe imeshashiba.

Kwa hii gari basi, rangi ndiyo kazi ya mwisho na ndiyo rahisi. Video inakuonyesha rangi na kuficha chesi. Yaani inakuonyesha ile sehemu ambayo haikuwa na shida.

Mzee ninayefanya naye kazi hakuja na kompyuta siku ya kwanza. Alikuja na nyundo ndogo. Alitembea na chesi akigonga polepole, ngo, ngo, ngo, mpaka mahali ikalia du. Akaweka alama ya chaki, akaendelea. Tulipokata pale penye chaki, bati lilikuwa jembamba kama mkebe wa maziwa. Lakini kabla ya kukata alipima chesi kwa kamba, kona ya mbele kulia mpaka ya nyuma kushoto, halafu ile nyingine, akachomelea vyuma vya kuishikilia isijipinde ikiwa imekatwa. Tanki la mafuta lilitolewa kabisa, kwa sababu tanki tupu lina mvuke, na mvuke ndio unalipuka. Waya za betri zikatolewa. Hayo yote yalichukua siku mbili na hakuna hata kitu kimoja kilichong'aa.

Halafu kuna rilei ya usukani. Ni mtungi wa chuma umekaa mbele, ndani ya chesi, unaobeba mzunguko wa usukani kuupeleka kwa magurudumu. Ndani yake kuna springi kali imebanwa. Mzee aliniona nikishika spana akaniambia, "Kijana, hii ukiifungua kama soda, itakutoa meno." Akanionyesha vile springi inafungwa ndio isiruke.

Niliacha chuo mwaka wa pili, nilikuwa nasomea mambo ya mitambo. Sisemi muache shule, na atakayewaambia mtoke muulizeni atawalipia kodi kwa miezi mingapi. Nasema hivi: kule nilichora usukani kwa karatasi. Kitabu cha hii gari pia kipo, Mzee anakiheshimu na anakifungua. Lakini kitabu kinadhani spea ziko dukani na bolti inatoka. Hakikuambii utafanya nini bolti ya mwaka 1978 ikivunjikia ndani. Hiyo iko kwa kichwa cha mtu, na huyo mtu ana miaka sitini na kitu.

Hapo ndipo nakasirika. Unajua hizi gari ni za nani? Kiwanda cha Leyland pale Thika kiliunganisha Landrover, na mikono ilikuwa ya watu wetu. Zilibeba polisi, zikabeba maafisa wa serikali, zikabeba watu wa wanyamapori. Zilipochoka, kuna watu waliziweka barabarani: mafundi wa Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, na wale wa Industrial Area, wakikata bati kwa jua bila kivuli. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya iliwaweka pamoja kwa jina moja, sekta isiyo rasmi. Zaidi ya miaka 50 baadaye jina bado ni hilo. Sasa sisi, watoto na wajukuu wao, tumepata kamera. Na tumezitumia kufanya nini? Kuwafuta tena.

Usiniambie ni burudani tu. Kuna mtoto wa miaka 17 Kayole anatazama hiyo sekunde 40 na anaelewa kwamba kufufua gari ni rangi na msasa. Atanunua mzoga. Atauinua na jeki moja na mawe mawili, aingie chini. Akipata shimo kwa chesi, ataliziba na puti, apige rangi, apige picha. Halafu ile shimo liko pale springi inaposhikilia chesi, na siku moja atabeba ndugu zake wanne wakiteremka Mai Mahiu. Puti haishiki springi. Hiyo video yako ilimfundisha, na haikumfundisha kitu.

Najua majibu yenu, nimeyasikia yote.

"Fundi hataki kamera." Ulimuuliza? Mimi niliuliza. Mzee alikubali mikono na sauti, akakataa jina, anasema watu wa ushuru pia wana simu. Poa. Ndiyo maana hata hapa simtaji. Lakini yeye ndiye alichagua. Mtu aliyekataa kutajwa na mtu uliyemkata si kitu kimoja.

"Ni mimi nimelipa." Umelipa kazi, hukununua sifa. Ukimlipa mpishi wa harusi, huwaambii wageni pilau umepika wewe.

"Mafundi wengine ni waongo." Kweli kabisa, na kila mwenye gari hapa Nairobi ana hadithi yake. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuwaonyesha. Anayejua kazi yake itaonekana hawezi kuziba kutu na puti halafu akuambie ni chuma. Na yule mwaminifu atapata kazi nyingine kwa sababu watu wameona mkono wake. Ukiwaficha wote, umemlinda mwongo na kumnyima mwaminifu.

"Hakuna mtu anataka kutazama mzee akieleza." Video yangu iliyotazamwa zaidi ni dakika 11 za bolti moja iliyoshika kutu. Moto, mafuta, kungoja, moto tena. Watu hawachoki na ujuzi. Wanachoka na sisi tukipozi.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo na ni la vitendo. Kama una gari kwa uwanja na fundi chini yake, washa sauti. Muulize kwa nini anafanya hivyo, mwache amalize. Siku anayokufundisha wewe, mlipe kama siku ya kazi, kwa sababu ni kazi. Akikubali, andika jina lake na mahali anapatikana. Na kama hana karatasi, mwambie NITA wana mitihani ya ufundi kwa gredi, na aliyejifunzia kazini pia anaweza kuifanya. Msindikize kujiandikisha, umsomee fomu kama macho yamechoka. Ulishapata kontenti ya miezi sita kutoka kwake, asubuhi moja haiwezi kukuua.

Fanya hesabu ya haraka. Series III ya mwisho ilitoka kiwandani 1985. Fundi aliyejifunza juu yake ikiwa mpya ana umri gani leo? Spea bado zinatengenezwa ng'ambo, hata chesi mpya nzima unaweza kuagiza ukiwa na pesa. Lakini ule mkono unaogonga na kusikia du hauji kwa kontena. Wale walio nao wako hapa, wanapanda matatu kila asubuhi na mfuko wa spana, na hawatakuwa hapa milele.

Na wewe unayesema ulifanya mwenyewe, labda ni kweli. Heshima kwako. Tuonyeshe basi pale ulipochomelea chesi, kabla ya rangi.