Kompyuta ya Kiganjani Ni Chambo cha Duka

Tangu mwaka 2022 umezuka mtindo wa kuwaambia wanunuzi, hasa vijana, kwamba zama za laptopu zimekwisha. Wanaohubiri hayo hunyanyua kifaa chenye kioo cha inchi 7, vijiti viwili vya kuchezea na vitufe pembeni, kisha hutangaza kwamba hiyo ndiyo kompyuta kamili: itacheza michezo yote, itaandika barua, itapiga hesabu, na anayeendelea kununua laptopu anatupa fedha zake. Mahubiri hayo yamevuka bahari. Yanasikika sasa hata mahali ambapo familia hununua kompyuta moja tu, tena baada ya kuuza ng'ombe au kumaliza akiba ya miaka mitatu. Katika nyumba ya namna hiyo porojo za matangazo si jambo la kuchekea.

Haki itendeke kwanza. Kifaa hicho kwa ndani ni kompyuta kweli. Steam Deck, kilichoanza kuuzwa na kampuni ya Valve ya Marekani mwezi Februari 2022, kina prosesa ya AMD, memori ya gigabaiti 16 na mfumo uliojengwa juu ya Linux. Mwenye kukijua anaweza kuiacha michezo kando na kufungua meza ya kazi kama ya kompyuta nyingine yoyote. Diski yake hubadilishika, na Valve ilikubaliana na kampuni ya iFixit ili vipuri vyake viuzwe hadharani, jambo ambalo watengenezaji wengi wa laptopu wamelionea choyo. Mhandisi aliyekibuni anastahili sifa. Anayestahili kuulizwa ni muuzaji.

Aulizwe kwanza habari ya bei. Steam Deck cha kwanza kilitangazwa kwa dola 399, yaani yapata shilingi milioni moja za Tanzania. Gabe Newell, mkuu wa Valve, alikiri mwaka 2021 kwamba kuifikia bei hiyo kulikuwa na maumivu. Je, mfanyabiashara mkubwa anakubali maumivu kwa sababu gani? Kwa sababu Valve ndiyo mwenye duka la michezo liitwalo Steam, na katika kila mchezo unaouzwa humo hujikatia asilimia 30. Fungu hilo hupungua hadi 25 na kisha 20 kwa mchezo ambao mauzo yake yamevuka dola milioni 10 na milioni 50. Kifaa, basi, ni mlango wa duka. Mlango ukiuzwa rahisi, faida itapatikana ndani, mwaka baada ya mwaka, kila mwenye mlango anaporudi kununua. Aliyenunua laptopu ya kawaida hana agano la namna hiyo. Akishalipa, mashine ni yake, naye anaweza kuandikia tasnifu, kutunzia hesabu za ushirika au kujifunzia uprogramu kwa miaka mitano bila kumpelekea mtengenezaji senti nyingine.

Ukweli huu unajidhihirisha zaidi kwa kuwatazama washindani wa Valve wasio na duka la kuwarudishia hasara. ASUS ilileta ROG Ally mwezi Juni 2023 kwa dola 699.99. Lenovo ilifuata mwaka huo huo na Legion Go kwa bei hiyo hiyo. Ilipofika Oktoba 2025, ASUS ikishirikiana na Microsoft, kifaa cha juu cha jamii hiyo, ROG Xbox Ally X, kiliwekwa sokoni kwa dola 999.99. Hizo ni takriban shilingi milioni mbili na nusu, kabla ya usafiri na ushuru, kwa mashine isiyo na kibodi! Pasipo chambo, bei halisi ya samaki inaonekana.

Na soko limejibu. Makadirio yaliyochapishwa mwanzoni mwa mwaka 2025 yalionyesha kwamba katika miaka mitatu, 2022 hadi 2024, vifaa vyote vya aina hii, vya Valve na vya washindani wake wenye Windows, havikufika milioni 6 duniani kote, na zaidi ya nusu vilikuwa Steam Deck. Katika mwaka 2024 peke yake kompyuta za kawaida zilizopelekwa sokoni zilizidi milioni 240, na sehemu kubwa zilikuwa laptopu. Anayesema kwamba cha kwanza kinamzika cha pili hajui kuhesabu, au anajua lakini ana shehena ya kuuza.

Tena jambo hili si geni. Mwaka 2006 Microsoft na washirika wake walipiga tarumbeta kwa ajili ya kompyuta ndogo za kushikwa mkononi. Samsung Q1 ilikuwa mojawapo: kioo cha inchi 7, haina kibodi, bei yake zaidi ya dola elfu moja. Ilisifiwa kwamba ndiyo kesho ya kompyuta. Mwaka uliofuata, ASUS ikatoa Eee PC. Kioo chake nacho kilikuwa cha inchi 7; nguvu zake zilikuwa chache; mfumo wake ulikuwa Linux; bei ya toleo lililovuma ilikuwa dola 399. Lakini ilikuwa na kibodi, finyu iliyobana vidole, ila kibodi. Q1 na ndugu zake wakasahauliwa. Eee PC ikanunuliwa kwa mamilioni, makampuni mengine yakakimbilia kuiga, na wanafunzi wengi wakapata kwayo kompyuta yao ya kwanza. Baadaye nayo ilikufa, mwanzoni mwa mwaka 2013, ikiwa imebanwa na tableti upande mmoja na laptopu nyembamba zilizoshuka bei upande wa pili. Hata hivyo ASUS iliyouza kibodi ile ndogo ndiyo hiyo hiyo inayouza Ally leo. Kampuni hiyo haiwezi kudai kwamba haikufundishwa na wanunuzi wake yenyewe.

Wapo watakaojibu kwamba kibodi ni kitu cha kuongeza tu. Na iongezwe. Ukishanunua kibodi, utataka kipanya. Kioo cha inchi 7 kitayachosha macho ya mwenye kusoma kurasa za hesabu, kwa hiyo utanunua kioo kingine, pamoja na kituo cha kuunganishia nyaya zote hizo. Gharama imepanda, na kifaa kilichosifiwa kwa kubebeka sasa kimefungwa mezani kama mbuzi kwenye kigingi. Mwanafunzi anayetoka bwenini kwenda maktaba hawezi kubeba meza. Betri nayo ina hesabu yake: Valve yenyewe ilisema Steam Deck cha kwanza kitadumu kati ya saa 2 na 8, na mchezo mzito hukipeleka kwenye hizo 2. Memori imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi. Ilivyonunuliwa ndivyo itakavyokufa.

Kwa fedha hizo hizo, au pungufu, Kariakoo na katika maduka ya Nairobi zinauzwa laptopu zilizokwisha kutumika katika ofisi za ng'ambo. Si za kuvutia macho. ThinkPad T480, iliyotoka mwaka 2018, ni nyeusi na nene kama kitabu cha sheria. Lakini ina betri mbili, mojawapo ikichomolewa kwa mkono bila bisibisi; memori yake huongezwa; diski na kibodi hubadilishwa na fundi yeyote mwenye subira. Ni kweli kwamba haitacheza michezo mizito ya miaka hii. Kuhusu laptopu mpya zenye memori iliyogandishwa kwenye bodi, hizo nazo zinastahili lawama yake, siku nyingine.

Hoja moja ya upande wa pili ina uzito. Ukilinganisha kompyuta ya kiganjani na laptopu ya michezo, ile nzito yenye feni zinazovuma na betri inayokwisha kabla filamu haijaisha, kifaa kidogo kinashinda kwa bei na kwa kubebeka. Mtu mwenye kompyuta ya kazi nyumbani, mwenye mshahara, anayetaka burudani safarini, hajakosea akikinunua. Huyo ndiye mteja ambaye kilitengenezwa kwa ajili yake. Lakini ushindi huo umepatikana kwa kumchagua mpinzani. Mzazi anayemnunulia binti yake kompyuta ya chuo haulizi habari za laptopu ya michezo. Anauliza chombo cha kazi, naye anajibiwa kwa kupewa kichezeo kilichoazimwa jina la kompyuta.

Zaidi ya hayo, Valve ilifungua mauzo Marekani, Kanada na Ulaya mwaka 2022, ikaingia Japani, Korea ya Kusini, Taiwan na Hong Kong mwishoni mwa mwaka huo, kisha Australia Novemba 2024. Afrika ya Mashariki haikuwa katika orodha hizo. Kifaa kinachofika Dar es Salaam au Mombasa hupita mikononi mwa wachuuzi walioongeza faida yao juu yake, na kikiharibika mnunuzi hubaki na risiti isiyompeleka popote. Wachuuzi hao wana haki ya kuuza. Wanachotakiwa ni kuandika kwenye tangazo, kwa herufi kubwa kama zile za bei, kwamba kibodi haimo, kwamba dhamana haipo, na kwamba michezo inanunuliwa mbali, kwa dola.